Fidi Pampu Hujulikana Mlimani



Leo inazungumziwa pampu. Ile pampu kubwa inayolisha nozeli kila tajiri wa lori anaijua, maana bei yake imewahi kumnyima usingizi. Ya leo ni mdogo wake: kipampu kinachoweza kukaa kiganjani, ambacho katika malori mengi kimefungwa ubavuni mwa injini, na ambacho gereji zetu hukiita fidi pampu. Kazi yake ni kuvuta dizeli kutoka kwenye tangi na kuifikisha kwa pampu kubwa. Swali letu ni moja tu: mtu atajuaje kwamba fidi pampu ya lori lake imefika mwisho na inapaswa kubadilishwa?

Mchukueni dereva mmoja wa Fuso aliyepakia saruji Dar es Salaam, anaelekea Mbeya. Chalinze kapita, Morogoro kapita, Mikumi kaivuka bila wasiwasi. Ruaha Mbuyuni wakasimama kidogo, utingo akagonga matairi, safari ikaendelea. Mbele yao ni Kitonga.

Kona za kwanza tu, lori likaanza kulegea. Dereva akashuka gia, akakanyaga mafuta mpaka chini, na lori badala ya kupata nguvu likazidi kunyong'onyea. Moshi mweusi haukuonekana. Akilegeza mguu kidogo, injini inapata nafuu; akikanyaga tena, inakata pumzi. Wakapanda hivyo hivyo, mwendo wa kinyonga, foleni ya mabasi nyuma yao ikipiga honi. Walipofika juu na kushika njia ya Ilula, lori likakimbia kama vile halikuwa na shida yoyote.

Iringa mjini dereva akaingia gereji. "Fundi, lori halina nguvu mlimani." Fundi akaliwasha, akapiga resi, injini ikanguruma vizuri. "Dereva, mbona zima hili?" Fundi wa pili akasema ni nozeli. Wa tatu akasema turbo. Wa nne akasema nunua fidi pampu mpya, mambo yaishe.

Nani kati yao yuko sahihi? Jibu litakuja. Kwanza tuijue kazi ya hiki kifaa chenyewe.

Wengi wenu mnaikumbuka mashine ya kusaga ya kijijini, ile Lister ya Kiingereza yenye gurudumu zito, inayosikika ikidunda mpaka ng'ambo ya bonde. Tangi lake la dizeli hukaa wapi? Hukaa juu, kupita usawa wa injini. Dizeli inashuka yenyewe kwa uzito wake, kama maji ya tangi lililoko juu ya paa. Mashine ile haina haja ya fidi pampu.

Sasa tazameni lori. Tangi limefungwa chini, ubavuni mwa chesesi. Injini iko mbele na juu zaidi, na kati yao pana mita kadhaa za bomba na mpira. Dizeli haipandi yenyewe. Lazima pawe na kitu cha kuivuta kutoka kule chini na kuisukuma mpaka ilipo pampu kubwa, tena bila kukatika. Kitu hicho ndicho fidi pampu.

Historia yake ni fupi. Injini ya Rudolf Diesel iliyofaulu majaribio yake kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, ilikuwa kubwa na ilipuliza mafuta ndani ya silinda kwa nguvu ya hewa iliyogandamizwa. Ilihitaji kompresa. Injini ya namna hiyo iliwezekana kiwandani na melini, lakini kuitia kwenye gari dogo la mizigo ilikuwa taabu. Mwaka 1927 kampuni ya Bosch ikaanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukumia dizeli, na mlango wa malori ya dizeli ukafunguka. Kwenye pampu za mtindo ule wa plunja zilizopangwa mstari mmoja, mtindo ambao bado unaonekana kwenye Fuso na Isuzu nyingi za zamani, fidi pampu hufungwa ubavuni mwa pampu kubwa na kuendeshwa na shafti ya ndani. Kile kitufe cha kupampu kwa mkono, ambacho utingo hukitumia kutoa upepo mafuta yanapokwisha njiani, kipo juu ya fidi pampu hiyohiyo.

Na jambo hili mlishike: fidi pampu hupeleka dizeli nyingi kuliko ile inayochomwa. Inayobaki huzunguka, hupoza, hulainisha, kisha hurudi tangini pamoja na joto na viputo vya hewa. Kwa hiyo fidi pampu inapochoka, njaa ya injini ni sehemu moja tu ya hasara. Pampu kubwa nayo inaweza kukosa ubaridi na ulaini.

Haya, twende kwenye dalili. Ziko tatu, nazo zinakaririka kirahisi: asubuhi, mlimani, na kwenye dipstiki.

Ya kwanza ni asubuhi. Lori limelala usiku kucha. Asubuhi stata inazungusha, inazungusha, injini haishiki. Ukipampu kwa mkono mara kadhaa, linawaka mara moja. Kwa nini? Ndani ya fidi pampu mna vali ndogo zinazoruhusu dizeli kwenda mbele na kuizuia kurudi nyuma. Vali zikilika, au uchafu ukinasa chini yake, dizeli hurudi tangini polepole usiku, na asubuhi bomba lina hewa.

Ya pili ni mlimani. Injini ikiwa kwenye silensa inakula dizeli kidogo sana. Hata fidi pampu iliyochoka inaweza kulisha silensa. Inaweza kulisha resi ya gereji pia, kwa sababu lori lililosimama halibebi mzigo. Lakini lipakie tani zake, ulipandishe Kitonga au Sekenke, na injini itadai dizeli mara nyingi zaidi kwa dakika zaidi ya kumi mfululizo. Hapo pampu iliyochoka haina pa kujificha. Ndiyo maana fundi wa kwanza wa Iringa hakuona kitu. Alilipima lori katika hali ambayo ugonjwa haujitokezi.

Na ule moshi? Chujio la hewa likiziba, kwa kawaida injini hutoa moshi mweusi, kwa sababu dizeli ipo na hewa haitoshi. Injini inayokosa dizeli hukosa nguvu bila moshi mweusi. Dereva aliyetazama kioo chake pale Kitonga alikuwa ameshaanza kupima.

Ya tatu iko kwenye dipstiki. Dereva anachomoa dipstiki asubuhi, anakuta oili imepanda kupita alama, ni nyepesi, na inanuka dizeli. Kwenye pampu zenye kiwambo cha mpira, kiwambo kikitoboka dizeli inaweza kushuka kwenye oili ya injini. Kwenye pampu za pistoni, sehemu ya kuzuia mafuta ikilika hutokea vilevile. Ni kweli kwamba nozeli mbovu au sili ya pampu kubwa inaweza kuleta dalili hii pia, kwa hiyo chanzo kitafutwe. Lakini lori la namna hiyo lisitoke gereji. Oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi za krankshafti, na gharama ya krankshafti haina ulinganisho na ya kipampu.

Asubuhi, mlimani, dipstiki. Sasa, mtu akiona mojawapo ya mbili za kwanza, akimbilie dukani Gerezani kama yuko Dar es Salaam, au Kirinyaga Road kama yuko Nairobi? Hapana, bado. Fidi pampu husingiziwa mara nyingi kwa makosa ya wengine.

Fikirini mtu anayekunywa maji ya dafu kwa mrija. Mrija ukiwa na tundu dogo juu, atavuta weee, atapata hewa zaidi kuliko maji. Je, tundu lile litadondosha maji? Halidondoshi hata tone, kwa sababu pale kinachoingia ni hewa. Bomba linalotoka tangini kwenda kwenye fidi pampu ni mrija huo. Mpira uliopasuka, klipu iliyolegea, washa ya shaba iliyochoka, vyote huingiza hewa bila kuacha alama ya mafuta chini. Baada ya fidi pampu mambo yanageuka: pale dizeli inasukumwa, na penye tundu huvuja, na kila mtu huona. Kwa hiyo gereji ikisema "tumeangalia, hakuna kinachovuja", swali linalofuata ni hili: mmeangalia upande wa kuvuta au upande wa kusukuma?

Njia ya kuona hewa ni rahisi. Fundi anaweka kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla ya fidi pampu, kisha anatazama injini ikiwa inafanya kazi. Viputo vikipita mfululizo, hewa inaingia nyuma ya hapo, na pampu mpya haitazuia chochote.

Watuhumiwa wengine ni hawa. Chujio la ndani ya tangi, ambalo huziba kwa utando na takataka. Filta ya dizeli iliyopitwa na wakati wake. Maji kwenye kikombe cha kutenganishia maji. Na kuna mmoja anayesahaulika: mfuniko wa tangi. Tangi lazima livute hewa kadiri dizeli inavyopungua. Njia hiyo ikizibwa na matope, au na mfuniko wa kubahatisha uliofungwa kwa nailoni, fidi pampu itakuwa inavuta dhidi ya tangi lililojibana. Lori linazimika baada ya saa moja au mbili, dereva anafungua mfuniko, anasikia tangi likivuta pumzi, na lori linawaka tena.

Mafundi wengi wanalijua jaribio la dumu. Fidi pampu inatenganishwa na tangi la lori, inaunganishwa kwa mpira mfupi na dumu lenye dizeli safi, kisha lori linajaribiwa. Likipata nguvu, kosa liko tangini au kwenye bomba. Likibaki vilevile, kosa liko kwenye fidi pampu au mbele yake. Ni jaribio zuri, lakini lina sharti moja. Dumu lisiwekwe juu ya injini! Likiwa juu, dizeli inashuka yenyewe kama kwenye ile mashine ya kusaga, na fidi pampu mbovu itaonekana nzima. Liwekwe chini, usawa wa tangi, ili pampu ifanye kazi yake ya kweli ya kuvuta.

Baada ya hapo ndipo huja geji. Na hapa, wasikilizaji, ndipo kiini cha mazungumzo ya leo: fidi pampu haihukumiwi kwa kusikiliza wala kwa kubahatisha. Hupimwa, na hupimwa ikiwa na mzigo.

Geji ya presha ndogo inafungwa kwanza kati ya fidi pampu na filta, kisha baada ya filta. Presha ikiwa nzuri kabla ya filta na mbaya baada yake, mkosaji ni filta. Ikiwa mbaya pande zote mbili, na upande wa kuvuta umeshathibitishwa kuwa hauna hewa wala kizuizi, basi fidi pampu imejihukumu yenyewe. Kiwango sahihi ni kile kilichoandikwa na mtengenezaji wa injini ile, kwa maana si sawa kwa zote. Pampu ya pistoni ya injini ya zamani ina presha yake; malori kama Volvo FH12, iliyoingia sokoni mwaka 1993 ikiwa na nozeli zinazojisukumia zenyewe, hutumia pampu ya gia yenye presha kubwa zaidi. Mwenye lori aulize: injini yangu inataka ngapi kwenye silensa, na ngapi ikiwa na mzigo?

Kwa nini kusisitiza mzigo? Kisa kimoja cha Marekani kinaeleza vizuri kuliko nadharia. Kuanzia katikati ya mwaka 1998 mpaka mwaka 2002, pikapu kubwa za Dodge Ram zenye injini ya Cummins ya lita 5.9 na vali 24 zilifungwa pampu kubwa ya Bosch iitwayo VP44. Pampu ile imebeba kompyuta yake yenyewe, na hupozwa na kulainishwa na dizeli inayopita ndani yake. Fidi pampu yake ilikuwa ya umeme, imefungwa kwenye injini, mbali na tangi. Na pampu za umeme za namna ile zina uwezo mkubwa wa kusukuma kuliko wa kuvuta kutoka mbali.

Fidi pampu zile zikawa zinakufa. Lakini pikapu haikusimama! VP44 ilikuwa na uwezo wa kujivutia dizeli ya kutosha kuendelea na safari, na mwenye gari hakujua kitu. Akaenda kazini, akarudi, akavuta trela lake, huku pampu kubwa ikikosa ubaridi na ulaini. Alipokuja kujua, VP44 yenyewe imeharibika, na bei yake ni mara nyingi ya ile fidi pampu. Wenye pikapu hizo walijifunza kwa gharama kubwa. Wengi wakafunga geji ndani ya kebini, mbele ya macho ya dereva, na kipimo walichokubaliana kikawa hiki: presha isishuke chini ya takriban pauni 10 kwa inchi ya mraba hata gari likiwa na mzigo mlimani. Baadaye mtengenezaji akahamishia fidi pampu ndani ya tangi, mahali ambapo inasukuma badala ya kuvuta.

Kwa hiyo lori linaweza kutembea huku fidi pampu yake imekufa. Hilo lirudiwe, maana ndilo linalowaponza wengi: lori kutembea hakuthibitishi kwamba fidi pampu ni nzima.

Kuna tahadhari nyingine kwa wenye magari mapya zaidi. Si kila gari la dizeli lina fidi pampu ya kujitegemea. Pikapu za General Motors zenye injini ya Duramax, tangu mwaka 2001 mpaka 2016, hazikuwa nayo; pampu kubwa ilijivutia yenyewe. Pikapu nyingi za Kijapani zilizoko kwenye barabara zetu zina utaratibu kama huo, na kile cha kupampu kwa mkono kiko kwenye filta. Kwa magari hayo bomba lote kutoka tangini ni upande wa kuvuta, na tundu dogo kabisa linatosha kuleta taabu. Na kwenye injini za komoni reli, mtu asilegeze kamwe mabomba ya presha kubwa injini ikiwa inafanya kazi. Presha yake huweza kupita bar 1,600, na dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi na kuingia mwilini. Ni jeraha linaloonekana dogo, lakini linataka hospitali siku hiyohiyo.

Sasa tukusanye. Fidi pampu ibadilishwe lini? Ibadilishwe presha yake ikishuka chini ya kiwango lori likiwa na mzigo, baada ya filta kuwekwa mpya na upande wa kuvuta kuthibitishwa. Ibadilishwe ikigundulika ndiyo inayopitisha dizeli kwenye oili, na oili nayo imwagwe pamoja na filta yake. Ibadilishwe ikivuja kwenye mwili wake. Ikishindwa tu kushika dizeli usiku, fundi anaweza kujaribu kwanza kusafisha au kubadilisha vali na springi zake, isipopona, ibadilishwe.

Na siku ya kuifunga mpya, fundi atazame pia kinachoiendesha. Roli iliyolika, au kamu iliyochoka, itaifanya pampu mpya ifanye kazi nusu, na tajiri atalalamika kwamba ameuziwa bandia. Tangi lisafishwe, vinginevyo uchafu ulioua ya kwanza utaikaribisha ya pili.

Usafi wa dizeli yenyewe pia una uzito wake. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye dizeli hupunguza ulaini ambao pampu zinautegemea. Serikali zetu zimepambana na uchakachuaji huo: Tanzania kupitia mamlaka yake ya udhibiti, EWURA, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa; Kenya nayo mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Dereva anayejaza dizeli ya madumu kando ya barabara kwa sababu ni rahisi huenda akailipia tofauti ile gereji.

Na yule dereva wetu wa Iringa? Fundi wa tano hakutaja kifaa chochote. Alichukua geji, akaifunga kwa mpira mrefu mpaka kwenye kioo cha kebini, akapanda pamoja na dereva, lori likiwa na saruji yake yote, wakatafuta mlima. Tambarare mshale ulitulia. Mlimani ukaanza kushuka, ukashuka tena, na lori likalegea palepale mshale ulipolala. Walirudi gereji, wakabadilisha filta, wakaweka dumu chini usawa wa tangi, wakapanda tena. Mshale ukalala vilevile. Hapo ndipo fundi aliposema, "Haya dereva, mpigie tajiri. Mwambie ni fidi pampu, na mwambie tumeipima."

Wasikilizaji, muda wetu umefika. Mnaoondoka alfajiri, chomoeni dipstiki kabla ya kuwasha, inuseni, kisha mtazame kikombe cha maji na mfuniko wa tangi. Mnaopanda Kitonga usiku huu, pandeni kwa gia inayofaa na mwachieni nafasi aliye mbele yenu.